Saa ya Ukutani kwa Mpiga Dramu

Mheshimiwa Diwani, Bwana Kalaba mwenye ukumbi huu, viongozi wa bendi mliojaza viti vya mbele, mama zangu, na nyinyi mliosimama kule nyuma karibu na jukwaa kwa sababu viti vimeliwa na wakubwa: hamjambo?

Mimi Jere, muuza betri za redio hapa mlangoni. Nimepewa kipaza sauti kwa sababu mimi ni Mngoni, Chisenga ni Mbemba, na hapa Kitwe shughuli ya Mbemba haiishi mpaka mtani wake aseme. Kwa hiyo, Wabemba, walaji wa nyani nyie, leo kukasirika hakuna.

Tunamuaga mpiga dramu wa roki. Miaka kumi na minne, bendi tisa. Mmemsifu mchana kutwa mpaka nikadhani amekufa. Nyie viongozi, nani kati yenu hakumfukuza? Ba Mulenga, usijifiche kwenye sahani ya kuku, nakuona. Chisenga alipiga santuri yako nzima, siku ya picha ya jalada ukamwambia, "Kaka, kaa pembeni, sura yako imechoka." Ukamkalisha shemeji yako, eti ana afro na suruali ya bugaluu. Shemeji ambaye hata akibisha hodi anakosea pigo.

Na kila akifukuzwa, Chisenga aliondoka na nini? Vijiti viwili. Desturi yenu tunaijua: vyombo ni vya kiongozi au vya mwenye ukumbi, mpigaji ana mikono tu. Dramu za hapa kazipiga miaka sita. Ngozi za dukani zilipoadimika, akafunga ya mbuzi kwa mkono wake. Na si zake. Juzi nikamuuliza, "We Mbemba, ukistaafu utapiga nini?"

"Mke wangu ana sufuria tatu," akasema. "Moja ina sauti."

Tukacheka. Yeye akaacha kwanza.

Bwana Kalaba, nawe Mbemba mwingine, wewe unataka disko, santuri zicheze zenyewe, na dramu Jumatatu ziende Ndola kwa mwenye hoteli. Chisenga umemletea saa ya ukutani. Mtu aliyewashikia mapigo miaka yote hiyo, mpiga gitaa akilewa akakimbiza wimbo, yeye anamrudisha, unampa saa? Imfundishe nini?

Sasa sikilizeni. Mtani akichukua kitu cha mtani wake mbele za watu, mwenyewe hadai. Hata msibani Mngoni huondoka na kuku wa Mbemba, na hakuna anayeita polisi. Mheshimiwa Diwani ni Mbemba, aseme kama naongopa. Anacheka. Basi.

Sikuomba kusimama hapa mlangoni bure. Nilitaka jukwaa liwe mgongoni mwenu. Mlipokuwa mnamcheka shemeji, mke wangu na dada zake walikuwa wanazitoa dramu kwa mlango wa jikoni. Waliosimama nyuma wameona wote, wamenyamaza. Geukeni. Limebaki toazi moja na mguu wake wa chuma.

Kwa desturi, ni zangu. Ila kupiga sijui, kwa hiyo zitakaa kwa Chisenga mpaka nijifunze, na sina haraka.

Nawashukuru kwa masikio yenu, hasa kwa kuyaelekeza huku. Chisenga, acha kushangaa, njoo tulibebe hilo toazi.