Pumzi ya Coral

Sogeeni wanangu. Leighton, zima hiyo simu, sauti yangu leo si ya kunaswa. Marcia, kaa karibu na kaka yako. Najua hamsemezani tangu Pasaka. Nuneni mpendavyo, mradi masikio mnayo.

Maspika makubwa ya besi, aliyoyaunda babu yenu kwa mbao za kabati alipotoka Jamaika na kukuta hapa Bristol kila ukumbi unamfungia mlango, ni yako Marcia. Usiwape watu wa makumbusho, spika isiyopigwa hufa. Mashine yangu ya midundo ni ya Leighton. Kile kitufe cha pembeni ukikibembeleza hakijibu, kipige kwa hasira kidogo.

Sasa ile santuri mnayoigombania, mmoja anataka kuizika nami, mwingine anataka kuitia kwenye kompyuta amfanye mama yenu aimbe nyimbo ambazo hakuziimba akiwa hai. Zamani zetu, ukitaka ngoma yako ipigwe dansini Jumamosi, uliichonga kwenye santuri laini, moja tu isiyo na pacha, na kila sindano ilipopita iliila kidogo, mpaka ukabaki mkwaruzo mtupu. Mama yenu Coral aliimba kwenye hiyo kabla hamjazaliwa. Alipokufa, niliiweka, nikamsikia anavuta pumzi kabla ya kuanza wimbo, nikanyanyua sindano. Sikuweza kusikia zaidi. Pumzi ile nikaikata, nikaitia kwenye mdundo, na mdundo ukanifikisha Berlin na Tokyo, na tangu hapo sikutengeneza ngoma isiyokuwa nayo. Watu wakaniita fundi. Mimi nilikuwa mgane tu, anayebisha hodi kwa mkewe.

Kumbe alisikia. Nimemkuta kwenye duka la viatu, ndani ya teksi, kwenye simu ya mwanafunzi kiti cha nyuma cha basi: anavuta pumzi, haimbi. Miaka yote hii, wanangu, anavuta pumzi na haimbi, na siku hizi humsikia hata pasipo na muziki. Naogopa.

Mama yenu mdogo Icilda alinionya. Usiku wa tisa baada ya kifo cha mama yenu, ramu imemiminwa, samaki wa kukaanga wako mezani, wazee wakainuka wageuze kitanda cha marehemu kama tufanyavyo, ili akirudi asikitambue, aende zake. Nikasimama mlangoni nikawazuia. Icilda akacheka kwa uchungu: "Haya, mwacheni! Neville, unamfunga dada yangu kamba kama mbuzi? Siku ukichoka kuhemewa sikioni, usinipigie simu mimi!" Sikumsemesha tena mpaka leo. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwambieni alisema kweli, na kiti changu cha dirishani ni chake.

Basi shikeni neno hili. Usiku wangu wa tisa, wekeni santuri kwenye maspika ya babu yenu. Asinase mtu, nawe Leighton nakutazama. Wewe ndiye utakayeshusha sindano. Pumzi ikipita, usinyanyue kama nilivyonyanyua mimi. Mwache mama yako aimbe. Irudieni, muirudie, mpaka asibaki mtu ndani ya santuri. Wa kulia alie, wa kucheza acheze. Kisha mwende chumbani mgeuze hiki kitanda, ndicho kile kile chake, na mkishike wawili, huku na huku, maana ni kizito, mmoja hakiwezi.

Maji, Marcia... Ahsante mama. Ndugu wakigombana, watu huchukua jembe wakalime. Nyinyi mpatane, watu waje na vikapu wavune. Mkono wangu uko juu ya vichwa vyenu, ingawa siwezi kuuinua. Mungu wa bibi yenu awape usingizi usio na mtu ndani yake, awape... watoto wenye kelele...

Nyamazeni kidogo. Mnamsikia? Anavuta... Leighton, mwanangu... usinyanyue.