Ssekabira na Pazia la Mama Mkwe

Asubuhi hiyo benchi la Kawempe, mbele ya birika la muuza kahawa Hajati Nakku, lilikuwa limefura kwa hasira. Jaji, fundi redio ambaye mahakamani aliwahi kuingia kama mshtakiwa tu, alimhurumia rafiki yake Ssekabira mpaka kahawa ikampoa. Chumba kimoja, pazia katikati, na nyuma ya pazia mama mkwe! Mtu na mama mkwe, ambao kwa mila ya Waganda hata mkono hawapeani, leo wasikilizane wakikoroma? Ssekabira kahama, analala dukani kwake, na mkewe Nalumansi anamtangaza mtaa mzima kwamba ana hawara.

— Mwezi wa pili huu! — Ssekabira alilalama. — Nashika mila, naitwa mzinzi!

— Shukrani ya punda mateke, — alisema Jaji.

— Mama mkwe alikuja na mkoba mmoja, — akadakia Nyundo, seremala. — Sasa ana godoro, ana kuku. Haba na haba hujaza kibaba!

— Eti kaja kutibiwa mgongo. Mgongo gani? Katumwa na ukoo amchunguze mwenzetu.

— Amchunguze wapi! Wana mume mwingine tayari, anasubiri zamu.

— Basi yuko humo humo nyuma ya pazia!

— Na kuku je?

— Kuku ndiye mahari!

Jaji akalipiga benchi kofi.

— Yamezidi! Leo namwendea Nalumansi mwenyewe. Mume kama huyu atampata wapi?

Hakwenda mbali. Nalumansi alikuwa anakuja, furushi kichwani. Akapiga magoti, akawasalimu mmoja mmoja kama mke aliyefunzwa kwao.

— Ssebo, bwana Jaji, nasikia unanitafuta.

— Ndiyo! Mwambie mama yako aondoke. Muone mwenzio alivyokonda!

— Mama aliondoka Jumapili, na kuku wake. Leo Alhamisi. Nilimpigia simu mume wangu jioni ile ile, akamshukuru Mungu.

Jaji akamgeukia Ssekabira. Ssekabira alikuwa anachungulia kikombe kitupu.

— Hizi nguo zake, — Nalumansi akaendelea. — Nimefua, nimepiga pasi. Alfajiri nimezipeleka dukani, nimekuta kufuli kwa nje. Wewe ndiye rafiki yake. Nizipeleke kwa nani?

Nyundo akakohoa. Hajati akaacha kumimina. Jaji uso ulimwiva kwa aibu na ghadhabu. Kisha akasogea hadi ukingoni mwa benchi, mbali na Ssekabira, akampisha Nalumansi mahali pa kuketi.