Bi Thoan, Msomaji wa Habari Aliyejifunza Kuuliza Kwanza

Tarehe 30 Septemba Bi Lường Thị Thoan anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma habari za alfajiri kwenye vipaza sauti vya kata yetu ya Yên Hạ. Mimi fundi mitambo wake nimeombwa kuandika, na kalamu inanishinda.

Alianza na habari za mpunga na chanjo za nguruwe. Watu walimjua kwa kile kikohozi chake kimoja kabla ya salamu. Vijana wetu walipokwenda viwandani Taiwan na Japani, aliongeza habari za dunia, maana watoto wetu walikuwa huko. Simu zilipoenea, wapo waliomcheka kwamba anatangaza kiporo. Alicheka nao, kisha naye akanunua simu.

Hapo ndipo tulipoumia. Miaka kumi na miwili iliyopita alisoma, kutoka mtandaoni, kwamba kiwanda kimoja huko Taiwan kimeungua na zamu nzima imekufa. Habari ilikuwa imesambazwa na maelfu ya watu. Nani angeitilia shaka? Hiên, binti wa Mzee Khoát, alikuwa kwenye zamu hiyo. Jua halijapanda, nyumba ile ilishawasha ubani na kufunga vitambaa vyeupe vya msiba vichwani. Bibi yake Hiên alianguka siku ileile, hakuinuka tena. Siku ya tatu Hiên akapiga simu: zamu yao ilitoka hai motoni, simu yake ndiyo iliyoungua, yeye ni mzima. Bibi alikuwa amezikwa jana yake.

Bi Thoan alikwenda kwa Mzee Khoát, akapiga magoti mbele ya picha ya marehemu, akasema anaacha kazi. Tulidhani Mzee atamfukuza.

"Dada Thoan," akasema, "ukiacha, tutabaki na simu tu. Rudi ukasome. Ila kabla hujasoma, muulize aliyeko huko."

Alisoma kosa lake, kwa jina lake, asubuhi saba mfululizo. Nilimwashia mitambo huku nikilia, wala sioni haya kusema.

Tangu hapo hakusoma habari ya mbali bila kumpigia mtu wetu aliyeko huko. Tulichelewa mara nyingi, na mwenyekiti wa kata alinung'unika. Bi Thoan alimjibu kuwa haraka haraka haina baraka, na kaburi la kuthibitisha hilo tunalo. Mwaka wa mafuriko, mtandao ulipovumisha kuwa bwawa limepasuka, alimpigia mlinzi wa bwawa, akaambiwa ni zima, akatangaza hivyo, na watu wakabaki majumbani mwao salama.

Juzi alinikabidhi daftari lake: majina mia mbili na arobaini, nchi kumi na moja, na saa nzuri ya kumpigia kila mmoja. Jina la kwanza ni Hiên. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Bi Thoan, wiki ileile ya msiba, akamwambia aandike namba yake.

Asante, Bi Thoan. Sasa lala hadi jua litoke, uwe na afya na amani. Huku tutauliza kwanza.