Swali la Tatu

Benchi la Dulari liko ng'ambo ya lango la hospitali ya macho, mjini Janakpur, Nepal: ubao wa mlango mkuukuu juu ya matofali. Dulari hupika chai ya maziwa tangu alfajiri mpaka maziwa yamwishie, na kila asubuhi wazee watatu hukaa hapo kama walioajiriwa. Wa kwanza ni Redio, aliyetangaza mabasi stendi miaka thelathini na hajapunguza sauti tangu astaafu. Wa pili ni Daktari, muuza miwani ya kusomea, ambaye mkeka wake wa biashara huutandika hapo hapo miguuni pake. Wa tatu ni Baidyanath Mandal, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hutaonyeshwa mtu; mtaa mzima unamwita Wakili, maana alibeba mafaili mahakamani hadi akaota mvi, na hata akiagiza chai huiagiza kama anayemtetea mshtakiwa. Mwezi ule walikuwa wamepata mtu wa nne, msichana mwenye daftari aitwaye Ragini.

Ragini alikuwa akisomea shahada ya uzamili Kathmandu. Somo lake ni jinsi ya kutengeneza mifumo ya taarifa kwa kuanza na yule atakayeitumia, na kwa ajili ya tasnifu yake alikuwa amefunga pale mapokezi kioo cha kompyuta kinachoongea Kimaithili, lugha ya wenyeji. Mgonjwa hahitaji kujua kusoma. Kioo kinauliza, yeye anajibu, jina linaingia kwenye orodha ya upasuaji. Wanaume kiliwaandikisha bila shida. Mabibi walikuwa wakifika katikati, wananyamaza, wanavuta ushungi na kuondoka zao na mtoto wa jicho wao.

– Wangapi jana? Wakili akauliza.

– Kumi na saba. Wote wameishia swali la tatu. Ijumaa lazima nimweleze msimamizi wangu kwa nini. Nikishindwa, hospitali inakitoa kioo, na mimi narudia mwaka.

Hakuna aliyeuliza swali lenyewe linasemaje. Kila mtu alikuwa na jibu lake tayari.

– Ni sauti, Redio akasema. Umeweka kisauti cha msichana. Mama mkwe wa watu atakubali kuhojiwa na kitoto? Weka sauti nzito. Azima yangu.

– Kwa yako wataondoka swali la kwanza, Daktari akasema. Tatizo ni mwanga. Jicho lenye ukungu halitaki kumulikwa. Ungewavalisha miwani kwanza, ninayo ya kila saizi.

– Wewe hata mtu akiumwa tumbo utamvalisha miwani, Redio akamjibu. Sikiliza, binti. Hao mama wanajua habari zao zinakwenda Kathmandu. Leo wanaulizwa kijiji, kesho watakuja kuhesabiwa ng'ombe.

– Ng'ombe wameingiaje, mzee?

– Wanaingia taratibu. Ndivyo wanavyoingiaga.

Daktari akasogea karibu, akashusha sauti.

– Mimi nimesikia kile kioo kinapiga picha mboni. Picha zinapelekwa ng'ambo, huko zinatengenezewa macho ya bandia. Kuna mzungu sasa hivi anatembea na jicho la shangazi yangu.

– Shangazi yako anaonaje?

– Vilevile. Ndiyo maana hajagundua.

Ragini alicheka, lakini kalamu yake haikuandika. Wakili akaona macho ya msichana yamevimba kwa kukosa usingizi, akaamua kumsaidia kwa jambo la kweli.

– Ni woga tu, mwanangu. Mke wangu mwenyewe, Phuldai, nimemleta mara mbili hapa. Nyie hamruhusu msindikizaji kuingia, basi nakaa hapa namngoja. Mara zote mbili katoka, ananiambia foleni ndefu. Foleni gani? Anaogopa kisu. Nimemwambia waziwazi, wewe mwanamke ni mwoga.

Hilo Ragini aliliandika.

Wakati huo bibi mmoja alitoka langoni peke yake, akivuka barabara kwa kupapasa na fimbo. Dulari akamkalisha mwisho wa benchi na kumpa chai. Aliitwa Jitni Devi, na alikuwa ametoka kijijini na basi la kwanza.

– Umeshaandikishwa, bibi? Ragini akamuuliza.

– Wapi. Kile kidude chenu kinaniuliza jina la mume wangu. Nisiposema, hakiendi mbele. Kinarudia na kurudia, watu wote wananitazama.

– Ndiyo, ni swali la tatu.

– Hebu niambie, binti, maana naona umesoma. Macho yanayoumwa ni yangu. Jina la mume wangu mnalitakia nini?

Daktari akaanza kupangusa miwani iliyokwisha kupanguswa. Ragini alifunua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, kama jibu huenda liko humo.

– Lilikuwemo kwenye fomu ya zamani, akasema mwishowe. Nikalihamisha tu.

– Fomu ya zamani haikunisumbua. Karani alikuwa anatoka mpaka nje, anamuuliza niliyekuja naye. Sasa nyie mnataka nilitamke kwa kinywa changu, mbele ya kadamnasi.

– Na ukilitamka kuna nini?

Bibi alimgeukia na uso wa upole, kama mtu anayegundua kwamba anaongea na mgeni. Na kweli Ragini alikulia mjini, nyumba ambayo mama humwita baba kwa jina lake, tena kwa kufoka.

– Mwanangu, kwetu mke halitamki jina la mumewe. Tulikaa miaka hamsini, sikulitamka. Sasa amekufa. Nianze leo, kwa ajili ya kidude?

Wakili aliweka kikombe chini. Miaka arobaini na minne alikuwa na Phuldai. Alikuwa akiitwa "unasikia?" Chai tayari, unasikia? Mvua inakuja, unasikia? Alikuwa amelizoea kiasi kwamba hakuwahi kuona kuna kitu kinachokosekana. Mara mbili amemleta hapa. Mara mbili amemwita mwoga, na mara ya pili majirani walikuwepo.

– Basi ni rahisi, Ragini akasema, akichana ukurasa. Badala ya mume, kiulize: wewe ni mama wa nani? Hilo kila mtu anajibu.

– Hapo sawa, Redio akasema. Hapo umemaliza.

– Na asiye na mtoto? Wakili akauliza.

Alisema kwa sauti ndogo, si ile ya mahakamani. Wote waliijua nyumba ya Wakili, na kwa miaka yote ya kutaniana, hapo hakuna aliyewahi kugusa.

– Huyo mkimuuliza hivyo mbele za watu, akaendelea, atarudi nyumbani na hatakuja tena. Bora hata lile la mume.

Ragini alimtazama. Aliikunja ile karatasi, akavuka barabara, akaingia hospitali. Aliporudi alikuwa anahema.

– Nimemuuliza muuguzi mkuu. Wanachotaka ni kujua mtu wa kumwita mgonjwa akimaliza, amrudishe nyumbani. Hicho tu.

– Sasa si mtuulize hicho, bibi Jitni akasema.

Ragini aliketi chini kando ya mkeka wa miwani, akaandika, akamsomea. "Taja mhusika wa kuwasiliana naye."

– Hayo maneno ya polisi.

Akafuta, akaandika tena, akasoma. Mara ya tatu ikawa: "Tukimaliza, tumwite nani?"

– Hapo najibu, bibi akasema. Mwite Dulari wa chai, atanipandisha basi.

Wakili hakungoja kikombe cha pili. Alimkuta Phuldai barazani, ungo mapajani, anachambua mchele kwa vidole maana macho hayakumtosha tena.

– Mbona mapema? Unaumwa?

– Ile foleni, akasema. Ilikuwa swali la tatu?

Vidole vilisimama juu ya mchele.

– Ungeniambia, Phuldai.

– Ungekwenda kugombana na watoto wa watu. Nakujua. Nikaona heri uniite mwoga.

Wakili akaketi kando yake.

– Nisamehe. Halafu akauliza, kama kijana: Hivi jina langu unalijua?

Phuldai akacheka kidogo ndani ya ushungi.

– Nililijua kabla sijauona uso wako. Huo uso ndio unaonipotea sasa.

Wakili aliuchukua ule ungo, akauweka mapajani mwake, akaanza kutoa mawe. Alifanya vibaya, na Phuldai alimwacha afanye.

Alhamisi asubuhi walikwenda pamoja. Langoni alimwachia mkono, akaja kukaa kwenye benchi. Ragini alikuwa amesimama, hawezi kukaa.

– Tangu wafungue wameingia mabibi kumi na mmoja, akasema. Ameondoka mmoja, na yeye alikosea hospitali. Anaumwa jino.

– Angekuja kwangu, Daktari akasema, lakini hakuna aliyemjibu, maana wote walikuwa wakimtazama Wakili, na Wakili akitazama mlango. Kila ushungi uliotokeza langoni ulimkaza mgongo. Chai ikapoa. Redio akaanza hadithi ya basi lililowahi kuondoka stendi bila dereva, akaiacha katikati.

Kisha karani akatoka, kipande cha karatasi mkononi, akasimama ukingoni mwa barabara.

– Kuna mama tumeshamwandikisha, akasema, anapimwa sasa, wiki ijayo anafanyiwa upasuaji. Tumemuuliza tumwite nani. Anasema, yule wa kwenye benchi, anayeongea sana. Ni nani kati yenu?

Redio akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Redio. Ragini alikuwa ameuficha uso nyuma ya daftari.

Wakili alisimama. Akavuka barabara kikombe kikiwa bado mkononi, na Dulari hakumwita akirudishe.