Unywele wa Bibi Mwamvita

Basi la Gonja lilikuwa linaondoka Same kijana mgeni aliporukia ndani, akaketi kando ya Bibi Mwamvita, mshenga. Bahasha yenye jibu la posa bibi alikuwa ameibandika unywele mdomoni. "Mtu akiifungua, unakatika," alieleza.

"Chuoni tunatuma siri kwa chembe za mwanga, bibi. Mmbeya akichungulia zinabadilika, na wanaowasiliana wote wawili wanajua."

"Kumbe hamumzuii, mnamuumbua. Asante, mjukuu wangu. Nyumbani wananicheka kwa unywele huu."

Nami kiti cha nyuma, na shahada yangu ya fizikia, nikashukuru kuielewa hatimaye mbinu hiyo ya mwanga.

Tulipofika kijiji cha Kisiwani, kwao mchumba, konda akamwambia bibi, "Niachie bahasha, nitampelekea mchumba. Ukishuka, leo hupati basi jingine la kwako Gonja."

"Binti nilimwahidi nitamkabidhi mchumba kwa mkono wangu."

Akashuka, unywele mzima.