Uzi Mwekundu wa Mzee Pua

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Pua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mama aliyeuza mkate dirishani. Alianza darasa la kwanza mwaka 1958. Hesabu zilimpiga chenga, lakini Kifaransa alikinywa kama maji.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la bidhaa za nje, na tarehe 2 Mei 1983 akafungua duka lake mwenyewe la kuagiza mvinyo na vyakula vya Ufaransa: jibini, haradali, siagi ya chumvi, maini ya bata ya kopo. Kila Septemba alisafiri hadi kwa wakulima, akaonja, akatema. Majirani walimwita mlevi, ilhali hakuwahi kumaliza glasi moja. Chupa iliyompendeza aliifunga shingoni uzi mwekundu kutoka kwenye kibweta cha baba yake. Wateja wake wa nchi nne hawakusoma karatasi ya chupa, walitafuta uzi. "Isiyo na uzi sikuionja," aliwaambia. "Msiinunue, hata nikiwabembeleza."

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na karani wa vifurushi wa posta. Marehemu alipenda kusimulia alivyomposa, na mkewe hakumwachia amalize. "Ulikuja siku kumi na moja mfululizo kununua stempu moja moja. Mimi ndiye niliyesema basi, huyu nimemchagua." Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2021 pua ilianza kumsaliti. Hakumwambia mtu. Mkewe aligundua siku alipoona uzi kwenye kila chupa dukani, hata ile iliyonuka siki tangu mlangoni.

"Baba watoto, hii umeionja?"

"Nimeionja."

"Inanukaje?"

Aliisogeza chupa puani, akaishusha. "Hainuki kitu, mama. Hata wewe sikusikii harufu."

Mzigo mmoja ulikuwa umeshaondoka. Wiki hiyo aliwaandikia wateja wote, kwa mkono wake, warudishe chupa zenye uzi wa mwaka ule. Aibu ilimtafuna kuliko ugonjwa.

Madaktari walikuta uvimbe nyuma ya pua. Alipasuliwa tarehe 6 Februari 2022, kisha akapigwa mionzi. Mkewe alimpelekea kitandani haradali, jibini, kahawa, vitunguu vilivyokatwa, akamshikia puani kimoja baada ya kingine. Kila mara alitikisa kichwa, halafu akamshukuru. Siku ya mwisho walikuwa watu sita chumbani na hakuna aliyekuwa na la kufanya. Mmoja alikunja shuka lililokwisha kunjwa. Alifariki Jumatano, tarehe 21 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Stooni yamebaki masanduku kumi na mawili ambayo alikataa kuyafunga uzi. Nyumbani hakuna anayejua lipi ni zuri, na wa kuulizwa ndiye huyu tunayemzika.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, mjane wake alimfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono. Fundo limekaa upande, lakini hakutaka mtu mwingine amsaidie.

Pumzika kwa amani, Mzee Pua. Ulichaguliwa kwa mkono.