Mama Yake Analalaje

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi cherehani mmoja mjane alimgeukia mama aliyeketi naye, akaanza kumwaga ya moyoni, maana mzigo wa moyo ni rahisi kuutua mbele ya mtu usiyemjua.

"Dada yangu, kiinua mgongo chote cha marehemu nilikitia kwenye kampuni ya sarafu za mtandaoni. Walisema wanajenga mtambo wa kuzitengeneza. Kumbe ni sherehe za hotelini na magari mapya! Tukiuliza, tunaambiwa tuvute subira."

"Labda wana nia njema," alisema yule mama.

"Nia njema haijazi sufuria. Na bosi wao ni kijana mdogo tu. Sijui mama yake analalaje."

Yule mama aliinamisha kichwa. Mwaka jana mwanawe alimwezekea nyumba upya, naye akamwombea dua hadi majirani wakasikia.

"Halali," alisema. "Mama yake ni mimi."

Mjane hakupiga kelele. Alimtazama kwa huzuni, akauliza taratibu, "Na wewe, dada, ulimwuliza pesa anazipata wapi?"

Treni ikasimama. Watu wakashuka, yule mama akabaki kitini.